Kilichomwangukia Baba

Yarraben, kwa kupitia Gunnedah
Jumapili, 16 Novemba

Mdogo wangu Des,

Pokea salamu za dada yako, na umgawie wifi yangu Bronwyn nusu yake, kwa sharti kwamba lile goti analifanyia mazoezi kama alivyoagizwa. Natumaini nyote hamjambo na baridi ya Hobart imeanza kuwaachia. Huku kwetu hatujambo. Joto limetuwahi mwaka huu. Jana lilifika nyuzi thelathini na tisa, kuku wawili wakafa wamekaa, na mvua tunaisikia tu redioni ikinyesha kwa wenzetu. Baba anakula. Juzi alimaliza mbavu tatu za kondoo na viazi vyote, halafu akagombana na mtangazaji wa kriketi mpaka nikapunguza sauti.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ni tabia yako tangu ulipokuwa unavaa nepi, na sikulaumu, mziwanda hulelewa hivyo. Lakini safari hii nataka uniache nifike mwisho.

Fomu uliyotuma imefika. Wewe umesaini, Baba amesaini, pamebaki mahali pangu. Nikiirudisha kabla ya Ijumaa, wiki itakayofuata Baba anahamia kwenye nyumba ya wazee kule Tamworth, kwenye lile jengo la nyuma ambalo mlango wake hufunguliwa kwa namba za siri ili wanaosahau wasitoke wakapotea. Nimeisoma mara tatu, na miwani nimevaa. Sisaini. Na nikimaliza kukueleza, na wewe utataka saini yako irudi.

Tuanze na unalolijua. Tangu mwezi wa tisa Baba anasema aliangukiwa na dubu wa kudondoka. Alimwambia mhudumu wa gari la wagonjwa, akamwambia daktari aliyemshona mgongo, akakuambia na wewe kwenye simu, ukanipigia mimi ukilia. Muuguzi Tamsin alipokuja kumpima akili, Baba alimtajia tarehe, siku na jina la waziri mkuu, akaongeza na maoni yake juu ya waziri mkuu, ambayo Tamsin hakuyaandika. Akaambiwa ahesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba. Alimaliza kabla ya Tamsin, kisha akamsahihisha. Halafu Tamsin akamuuliza yale makovu ya mgongoni kayapata wapi. Baba akasema, "Si nimeshawaambia, binti yangu. Dubu wa kudondoka." Tamsin akaweka kalamu chini akamtazama kwa huruma. Kwenye ripoti ameandika kwamba mzee anashikilia mambo yasiyokuwepo.

Simlaumu Tamsin. Amekulia hapa hapa, na kila aliyekulia Yarraben anajua kwamba dubu wa kudondoka hayupo, na anajua kwamba aliyemlea dubu huyo ni Baba. Miaka arobaini aliyoendesha uwanja wa mahema kando ya mto, hakupita mgeni bila kuonywa. Dubu wa kudondoka anafanana na koala lakini ni mkubwa zaidi, anakula nyama, hukaa kimya kwenye tawi akisubiri shingo ya mgeni ipite chini. Hamgusi mwenyeji. Humtambua mgeni kwa harufu, na kinga pekee ni kujipaka nyuma ya masikio ile chachu nyeusi tunayokulia mkate. Unawakumbuka wale Wajerumani wanne waliokwenda kuogelea wakinuka kama jiko letu la asubuhi? Mama aliwaka kwa sababu walikuwa wamemaliza chupa yake. Baba hakucheka hata siku moja mbele yao. Mchezo huu nchi nzima inaucheza, na anayecheka kwanza ameuharibu.

Sasa mtu aliyesema jambo miaka arobaini bila kucheka, siku akilisema tena bila kucheka, nani atamwamini? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lilikuja, Des. Lilikuja saa nne asubuhi, na lilikuwa na kilo tisa.

Uliniambia kwenye simu, na maneno yako niliyaandika nyuma ya kalenda ili usije ukayakana: "Dada, koala ni kidubu kilichokunywa majani kikalewa. Kinalala siku nzima, kina upole kama mto wa kitandani. Kitamwangukia nani?" Kwa pumzi moja umekosea mara tatu. Huko kwenu hakuna koala wa porini hata mmoja, kwa hiyo unachokijua umekisoma kwenye vitambaa vya jikoni vinavyouzwa uwanja wa ndege. Mimi nimewalea miaka ishirini na miwili. Kaa chini nikufundishe.

Kwanza, si dubu. Waliomwita dubu walikuwa wageni waliochoka na safari. Ni ndugu wa kangaruu, na mtoto wake huzaliwa akiwa na ukubwa wa harage, hana macho wala manyoya, akajikokota mwenyewe mpaka kwenye mfuko wa mama yake na kukaa humo miezi sita. Pili, hajalewa. Majani ya mkaratusi hayamlevyi yeyote. Yana sumu nyingi na shibe kidogo. Na wewe ungekuwa unakula kitu ambacho ini linahangaika mchana kutwa kukiondolea sumu, halafu kikakupa nguvu ya kijiko kimoja, ungelala saa ishirini na mkeo asikulaumu. Watu wakimwona amesinzia kwenye tawi wanasema mlevi yule. Mimi namwona mtu anayebana matumizi.

Hili la tatu, la upole, ndilo linaloniudhi. Usimwone simba kanyeshewa ukadhani ni paka. Koala hutulia kwa sababu kutulia ndiyo kinga yake ya kwanza, anatumaini utapita. Usipopita, anapanda juu. Ukimfuata juu, anakugeuzia makalio, na makalio yale yana manyoya mazito na ngozi ngumu kama kandambili, huyaumizi. Ukizidi hapo umeyataka mwenyewe. Zile kucha zimeumbwa zishike gome linaloteleza, na kila mkono una vidole gumba viwili, kwa hiyo akikushika umeshikwa. Akiuma hatoi onyo, na haachii haraka. Unaona zile picha ambazo mgeni amesimama karibu naye, na yeye amekodoa macho, masikio yanatikisika? Watu husema anawapungia. Anaogopa, na kinachofuata ni meno. Nina kovu kwenye kiwiko lenye umri wa mwanao wa kwanza.

Hata wema wetu juu yake una makosa. Tulikuwa tunaambiana koala hanywi maji maisha yake yote. Basi mwaka ule wa moto mkubwa wa msituni watu wakashangaa kumwona anakunywa, wakaona ni muujiza, kila mtu na chupa yake. Mwanamume mmoja aliniletea jike kifuani mwake, amemwinua kidevu na kumnywesha kama mtoto mchanga njia nzima. Maji yaliingia kwenye mapafu. Alikufa kwenye meza yangu, na yule bwana akakaa barazani kwangu akilia kwa sababu alidhani anaokoa. Bakuli chini, yeye mwenyewe ainamishe kichwa, basi. Kukosea kwa wema bado ni kukosea. Nilimwambia hivyo, kwa ukali kuliko ilivyohitajika.

Sasa nikueleze kazi ya kumshusha, maana jambo letu liko hapo. Ukitaka koala ateremke mtini humwiti wala humvuti. Unachukua ufito mrefu sana, unafunga kitambaa kwenye ncha, unakipunga juu ya kichwa chake. Hakuna kitu anachokichukia kama kitu kinachotikisika juu yake. Anaanza kurudi chini, makalio mbele, akinung'unika kama shangazi Beryl akitoka kwenye gari. Chini kuna mtu wa pili na blanketi. Lakini karibu na ardhi ndipo hatari ilipo. Hapo koala hataki tena kwenda chini, juu kuna kitambaa, na anatafuta kitu chochote cha kupanda. Kwa koala aliyeshikwa na hofu, mtu aliyesimama wima ni mti.

Kwa hiyo Baba hana wazimu. Alisema kitu kama koala kilitoka juu kikamwangukia mgongoni, na kitu kama koala, ambacho kilikuwa koala, kilitoka juu kikamwangukia mgongoni. Alitumia jina la mchezo wake kwa sababu ndilo jina alilokuwa nalo mdomoni miaka arobaini. Najua anasema kweli, na utaniuliza najuaje.

Hapa ndipo ungenikatiza, Des. Nilikuwepo.

Kuna dume mmoja kwenye ule mkaratusi mkubwa kando ya tangi la maji, ninamwita Diwani, kwa sababu hulala kikao kizima na msimu ukifika hunguruma kama nguruwe anayewasha pikipiki. Tarehe ishirini na tatu mwezi wa tisa niliona jicho lake la kushoto limevimba na linatoa usaha. Ni ugonjwa wao, usipouwahi wanapofuka. Sheria ya kikundi chetu cha waokoaji wa wanyama ninaijua kwa sababu nilisaidia kuiandika: humshushi koala peke yako. Unampigia Noelene Tranter, mkuu wetu, anakuja na mtu wa pili aliyefunzwa, na asiyefunzwa hasogei chini ya mti. Mwezi wa tano nilikuwa nimeivunja mara moja, Noelene akanionya kwa maandishi kwamba nikirudia, kibali changu cha kuwatunza koala kinaondoka. Basi sikumpigia. Niliona atanichelewesha saa mbili, na nilijiona najua kuliko yeye. Nikamwita Baba.

Mimi ndiye niliyemwita mzee wa miaka themanini na mitatu, akiwa anamwagilia nyanya zake. Nikampa blanketi, nikamsimamisha kwenye shina, nikamwambia Diwani akifika chini amfunike. Aliniuliza, "Una hakika, Coral?" Nikamjibu kama ninavyowajibu watu wote siku zote. Diwani alishuka vizuri mpaka kimo cha mtu na nusu, akamwona Baba, akaruka. Alimng'ang'ania mgongoni kwa kucha zote, Baba akaenda chini, kichwa kikagonga jiwe la tangi. Mpaka nafika, Diwani alikuwa ameshapanda tena. Baba hakufumbua macho kwa muda ambao sitausema. Nilidhani nimemuua.

Alipozinduka alikumbuka uzito kutoka juu na kucha. Hakunikumbuka mimi, wala blanketi, wala kitambaa. Nikaona mlango umefunguka, nikapita. Niliuficha ufito nyuma ya tangi kabla gari halijafika, nikawaambia ameangukia waya wa miiba. Niliogopa kunyang'anywa kibali. Naliandika hivyo lilivyo, halina pambo.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini jioni ile hospitalini Baba aliniuliza, "Coral, si ulikuwepo pale?" Nikamwambia nilikuwa ndani nafua. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, akaeleza kila kitu kwa utaratibu, kilipotokea na kilivyonuka. Nikamshika mkono nikamwambia, kwa ile sauti wanayotumia watu kwa wagonjwa, "Baba, hakuna kilichokuangukia. Ulianguka mwenyewe." Nilimwambia hivyo mara tano au sita. Mwishowe akaacha kuuliza. Akaanza kuandika vikaratasi vya kunata. Kwenye birika akabandika "zima". Kwenye mlango, "funguo". Kwenye picha ya Mama akabandika jina la Mama. Majirani wakaniambia, unaona, mzee anapotea. Hakuwa anapotea, Des. Alikuwa anajikinga na ugonjwa niliomtungia mimi. Fomu yako ilipofika aliisaini siku hiyo hiyo, akasema hataki kuwa mzigo kwangu.

Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha vya kutosha. Alhamisi nilikwenda kwa Noelene nikamwambia yote tukiwa tumesimama, maana sikukaribishwa kukaa. Alichukua kibali, ufito, vizimba vyote vinne. Jana alikuja na mtu wake wa pili, wakamshusha Diwani kwa dakika kumi bila mtu kuguswa. Jicho la kushoto limekwenda, la kulia litapona. Nilipomwambia kwamba ninajuta alisema, "La koala ningekusamehe, Coral. La mzee halinihusu kusamehe." Ijumaa nilikwenda kwa Tamsin pia. Alisema ripoti mpya itaandikwa Jumatano, na kwamba jina langu litakuwemo. Nikamwambia aliandike kwa herufi zinazosomeka. Nimekosea kama ninavyofanya kila kitu, kwa uhakika, na nitalipia vivyo hivyo.

Alibaki Baba. Nimemwambia leo asubuhi, baada ya chai. Nilimsimulia kama nilivyokuandikia wewe, bila kuruka, yeye akiangalia mikono yake. Nilitegemea anitukane, unajua anavyojua kutukana. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu. Aliuliza, "Kwa hiyo nilikuwa mzima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Miezi miwili yote hii, nilikuwa mzima." Safari hii halikuwa swali. Kisha akalia, Des, na mimi nikalia, lakini kila mtu upande wake wa meza.

Mchana alitoka chumbani amevaa kofia yake ya kwendea mjini. Akasema Tamworth haendi. Nikasema hilo limekwisha, haendi popote, hapa ni kwake. Akasema na hapa hakai. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeagiza mkate. Akaniomba nikuandikie nikuulize kama mna chumba. Hiyo ndiyo barua niliyoombwa kuandika. Mengine yote nimeyaongeza mwenyewe ili usije ukasema ndiyo bila kujua kwa nini.

Nijibu kwa simu safari hii, na uongee na yeye, si mimi. Mimi nitamleta mpaka uwanja wa ndege. Anakunywa chai nzito na maziwa kidogo, hapendi kiti cha chini, na bega la kulia linamsumbua kukiwa na unyevu, kwa hiyo mpeni kitanda mbali na dirisha. Usimfiche kriketi hata kama Bronwyn amechoka. Na akikuambia jambo, Des, lolote lile, mwamini kwanza. Kuuliza utauliza baadaye.

Nisalimie wifi, nisalimie watoto, waambie babu yao anakuja na anajua hadithi moja ambayo ni ya kweli.

Ni mimi dada yako,
Coral Haddrill